Gunia Lilifika Limefungwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa akiuza mchele katika soko la Kasongo tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilikula mchele huo maisha yangu yote bila kuununua hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Mimi ni mtu wa maswali. Nilipokuwa mdogo nilifungua redio ya baba ili nimwone anayesema ndani, nikala fimbo, na bado nikabaki na hamu ya kujua. Nilipokua nilikwenda Bukavu kusomea kompyuta, nikarudi na cheti na hamu ileile, nikafungua ofisi ndogo karibu na msikiti: paneli ya jua juu ya bati, mashine ya kuchapa, na meza ya kutengeneza simu. Watu huniletea simu zilizoanguka ndani ya mto Lualaba. Wao wanakuja wamenuna, mimi nazipokea kwa furaha, maana najua nitaona kilichomo.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Kwa hiyo goti lake lilipokataa kazi, jambo lile lilikuwa langu pia. Alikuwa anarudi kutoka mazishini Kabambare, na barabara ile wakati wa mvua ni mashimo yaliyounganishwa na matope. Pikipiki aliyopanda ikaanguka naye. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu hapo hakuweza kukaa sokoni kutwa. Alijaribu kiti, akajaribu mto juu ya kiti, akajaribu fimbo. Mwishowe akabaki nyumbani, na mahali pake sokoni pakachukuliwa na mwanamke muuza vitenge.

Mwanawe wa pekee, ambaye kwetu sisi ni kaka yangu, anaishi Bukavu na mke na watoto. Alipiga simu akasema, "Baada ya Idi nakuja kukuchukua, mama. Chumba chako iko tayari." Alikuwa anasema kwa wema. Mama mkubwa alinirudishia simu, akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Kule nitafanya nini?" akaniuliza. "Nitaangalia televizio, wataniletea chakula. Mutu wa kuletewa chakula tu, ule ameisha."

Niliogopa. Sitaki kulizungusha neno hili. Niliogopa kuamka asubuhi nisisikie mchele ukipetwa uani, na niliogopa zaidi kwamba yeye mwenyewe angesinyaa huko Bukavu kwenye nyumba ya madirisha ya vioo. Basi nikampigia kaka nikamwomba atupe muda mpaka Idi. Nitamtengenezea mama duka la kwenye simu, nikamwambia. Wateja wake wa Lusangi na Kabambare wataagiza bila yeye kuondoka kwenye kigoda chake. Akiwa na wateja, unamwacha hapa. Asipokuwa nao, mchukue, nami nitamfungia mizigo. Kaka akakubali. Mama mkubwa naye akakubali, kwa sauti ya mtu anayekubali kuchomwa sindano.

Duka lenyewe sikulijenga kuanzia chini. Kuna mifumo ya maduka ya mtandaoni ambayo watu wa mbali wameitengeneza na kuitoa bure. Unaushusha mfumo, na ndani yake unakuta kila kitu: mahali pa kupanga bidhaa, kikapu cha mteja, malipo, risiti. Sehemu iliyonivutia tangu mwanzo ni vile vipande vinavyoitwa vidhibiti. Mteja akibonyeza kitu, kuna kidhibiti kinachopokea ombi lake na kuamua lifanyiwe nini. Kipo cha kikapu, kipo cha kutafuta bidhaa, na kipo cha kukamilisha agizo, ambacho kazi yake ni kusema: sawa, imekwisha, punguza mchele ghalani, toa risiti, funga agizo. Nilitazama kazi ya kipande hicho cha mwisho nikaipenda. Kilikuwa hakipotezi wakati.

Maagizo ya kwanza yalikuja haraka. Mwanamke mmoja anayewapikia wachimba dhahabu Lusangi aliagiza gunia, kisha watu wachache wa Kabambare wakafuata. Mama mkubwa alipima uani, nikafunga naye magunia kwa kamba, waendesha pikipiki wakayachukua. Tukashangilia. Nikamtumia kaka picha ya mama yake amesimama katikati ya magunia, amekunja uso kwa sababu hapendi kupigwa picha.

Kisha kukawa kimya. Hakuna aliyeagiza mara ya pili.

Nilidhani ni mtandao. Nikakagua kila kitu, mtandao ulikuwa mzima. Nikampigia yule mpishi wa Lusangi, ambaye alikuwa mteja wa mama mkubwa tangu zamani.

"Mama, muchele ilifika?"

"Ilifika."

"Ilikuwa na makapi?"

"Hapana. Muchele muzuri sana."

"Ilipungua?"

"Haikupungua hata punje."

"Sasa mbona haukuagiza tena?"

Nikasikia sufuria zikigongana upande wake. Kisha akasema, "Gunia ilifika imefungwa."

Nikamwuliza kama alitaka gunia lisafiri wazi juu ya pikipiki kutoka Kasongo mpaka Lusangi, katika barabara ile, na mvua hii.

"Uliza mama yako mukubwa," akasema, akakata.

Mama mkubwa alikuwa anapeta. Nilipomwambia maneno ya mpishi, ungo ukasimama hewani.

"Amesema vile? Imefungwa?"

"Ndiyo. Maana yake nini?"

"Hakuna."

"Mama mukubwa, mutu hawezi kuacha kununua kwa sababu ya hakuna."

"Nyongeza haikupita," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Asiyejua maana haambiwi maana. Kamata ile sufuria, uoshe."

Kuuliza si ujinga, lakini kwetu ukiuliza sana unapewa chombo cha kuosha. Nikaosha sufuria huku nikifikiri. Nyongeza niliijua, kila mtu anaijua: ukinunua mchele, muuzaji anakutupia kidogo juu ya kipimo, na muuzaji asiyetoa nyongeza hana mteja. Basi, nikajiambia, shida imepatikana. Wateja hawakupewa nyongeza, na mimi nitaitia ndani ya mfumo.

Siku hiyohiyo nikafungua faili ya kidhibiti cha kukamilisha agizo, ile faili yenyewe iliyokuja na mfumo, nikaandika ndani yake mistari yangu. Tangu hapo kila agizo la mchele lilijiongezea kiasi lenyewe, na kwenye risiti kukatokea maneno: Nyongeza, bure. Niliona nimefanya kazi safi. Nikawatumia wateja ujumbe.

Wakaagiza. Halafu simu zikaanza. Mmoja wa Kabambare akaniambia kwa upole, "Nimeona nyongeza iko mu risiti, asante. Sasa nyongeza yangu iko wapi?" Nikamweleza kwamba nyongeza ndiyo ileile iliyo kwenye risiti. Akacheka kama anayecheka na mtoto, akaniambia nimsalimie mama mkubwa.

Mama mkubwa naye alicheka, tena mpaka akashika goti.

"Umeandika nyongeza?"

"Ndiyo, ili kila mutu apate sawasawa."

"Ukishaandika, inakuwa haki yake. Haiko tena nyongeza. Na nani alikuambia siku zote natoaka sawasawa?"

Mfumo wenyewe ulinipumzisha na swali hilo. Mifumo hii hujisasisha. Asubuhi moja nilifungua nikakuta toleo jipya limeingia, na ile faili niliyoichezea imerudi kama ilivyotoka kwa watengenezaji. Mistari yangu yote imefutika. Mama mkubwa alishikilia kwamba ni kazi ya yule mwanamke wa vitenge, ambaye kwanza alichukua mahali pake na sasa ameingia kwenye simu. Nilimweleza mara nyingi jinsi mfumo unavyojisasisha. Mpaka leo hajaniamini.

Nilikasirika, nikaifunga kompyuta kwa nguvu ambayo si nzuri kwa kompyuta. Kisha, kama kawaida yangu, hasira ilipopungua swali likabaki. Watu wenye maduka duniani hawafanani. Haiwezekani kila mmoja apoteze kazi yake kila toleo jipya linapoingia. Wao wanafanyaje?

Nikakaa ofisini kusoma maelezo ya watengenezaji, mtandao ukikatika katikati ya sentensi. Jibu lilikuwa pale tangu mwanzo. Kiini cha mfumo hakiguswi. Ukitaka kidhibiti kifanye jambo jingine, unatengeneza moduli yako, na ndani yake unaandika kidhibiti chako kinachorithi kila kitu kutoka kwa kile cha asili. Unauambia mfumo: mteja akija, mlete kwangu kwanza. Unafanya lako, na ukimaliza unamkabidhi yule wa asili aendelee na lake. Toleo jipya likija, kiini kinabadilishwa, chako kinabaki.

Niliyapenda mafundisho hayo kuliko nilivyotarajia. Watu wale hawajui kama Kasongo ipo. Lakini walipokuwa wanajenga walikubali kwamba kuna mambo ya watu wengine ambayo hawatayajua kamwe, wakatuachia nafasi ya kuyaweka. Nilimsimulia mama mkubwa habari hiyo, naye akaniuliza kama watu hao wanakula mchele.

Sasa nilikuwa na nafasi, na sikujua niweke nini. Nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza. Nikaenda sokoni kutazama watu wakinunua mchele.

Nilikaa karibu na jirani wa zamani wa mama mkubwa, muuza mchele vilevile, nikajifanya namngoja mtu. Alikuja mnunuzi. Muuzaji akajaza kopo mpaka likawa na kilima, akamwaga guniani, akahesabu kwa sauti. Kopo la mwisho lilipoingia nikategemea wataagana. Hawakuagana. Mnunuzi alishika kingo za gunia kwa mikono miwili, mdomo wa gunia ukiwa wazi katikati yake, na hakuna aliyesema neno juu ya mchele.

"Nyumbani?" muuzaji akauliza.

"Salama. Bibi alikuwa na homa."

"Pole. Sasa anakula?"

"Anakula kidogo."

Muuzaji akatupa konzi ya mchele ndani. Mnunuzi akageuza uso, akatazama kuku waliokuwa wanapita. Wakaongea habari ya mvua na ya daraja. Konzi nyingine ikaingia. Mnunuzi akasema, "Mungu akuzidishie," akatoa kamba mfukoni, akafunga gunia, akaondoka.

Aliyefuata vilevile. Na wa baada yake. Huyu alipata konzi kubwa, yule ndogo, mmoja alisimama na gunia wazi mpaka nikachoka kwa niaba yake. Lakini kila mara aliyefunga alikuwa mnunuzi. Sikumwona muuzaji hata mmoja akifunga.

Hapo udadisi ukanishinda. Nikainuka, nikaagiza mchele kidogo. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nanunua mchele Kasongo. Kopo la mwisho lilipoingia nikamwambia yule mama, "Nifungie."

Akarudisha mkono kama aliyeguswa na moto.

"Miye nikufungie? Nimekukosea nini?"

"Hapana, mama. Nataka kujua tu."

Akanitazama, akakumbuka mimi ni mtoto wa nani, akasikitika kidogo. "Ukifunga weye, ni weye umetosheka. Nikifunga miye, nimekufukuza."

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja na kile kifuko cha mchele, kikiwa wazi, nimekishika mdomo. Mama mkubwa alipokiona alielewa nimetoka wapi.

"Ningefanya je?" akasema kabla sijafungua kinywa. "Pikipiki iko inangoja. Nikafunga. Siku zote za duka yako ya telefone nilikuwa nafunga magunia ya watu, nikiona haya." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Watu wale nimewauzia tangu niko musichana. Wamefikiri nimewafukuza."

Nilikaa chini karibu naye, tukachambua kile kifuko changu pamoja. Nilielewa sasa kile kidhibiti kilichonipendeza kwa kutopoteza wakati kilikuwa kinafanya nini. Mteja alipobonyeza tu, kilimfungia gunia.

Moduli niliyoandika haina maajabu. Mteja akibonyeza Kamilisha, ombi lake linakuja kwanza kwa kidhibiti changu, nacho kinauliza jambo moja tu: huyu amefunga? Kama hajafunga, hakimalizi kitu. Kinamfungulia ukurasa wenye picha ya gunia lenye mdomo wazi, na mahali pa kutuma sauti. Mama mkubwa anamjibu kwa sauti. Wanaulizana habari za nyumbani, naye anaongeza anavyoona yeye, bila kuandikwa popote. Mchele unasafiri, agizo likiwa bado wazi. Mteja akishaupokea na kufunga kwa mkono wake, anabonyeza Nimefunga, na hapo tu kidhibiti changu kinakikabidhi kile cha asili kazi yake, bila kuigusa.

Nilikosea hapa na pale. Mwanzoni nilikuwa nakabidhi kazi mara mbili bila kujua, kwa hiyo kila gunia lilipunguzwa ghalani mara mbili, na duka likatangaza mchele umekwisha wakati mama mkubwa amezungukwa na magunia. "Machini yako inasema niko masikini," akaniambia. Kupotea njia ndiko kujua njia. Nikarekebisha.

Kuhusu safari, yeye ndiye aliyepata dawa. Kwa barabara alisokota mdomo wa gunia akaushika kwa ganda la mgomba, kitu ambacho hakuna mtu wa mkoa wetu wa Maniema atakiita kufunga. Ile kamba ya kweli aliiweka ndani, juu ya mchele, ili mteja aikute anapofungua. Gunia la kwanza la namna hiyo lilikwenda Lusangi. Mpishi alituma sauti fupi: "Nimeona kamba." Kisha akaagiza tena.

Wateja wakarudi. Uani kwetu kulikuwa na sauti za watu wa Kabambare na Lusangi kutwa, zikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya kinu. Mama mkubwa alijua nani amejifungua, nani amehama, daraja gani limekatika. Aliwakaripia watu walio mbali naye. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti kubwa kiasi kile.

Idi ikapita, kaka akaja.

Alifika amejaa vumbi, akamkumbatia mama yake, akala, akatazama kazi yetu siku nzima. Jioni alimwona akiinuka kuswali, ameshika ukuta kwa mikono miwili, amefumba macho kwa maumivu. Baadaye akaniita pembeni.

"Wateja nimewaona, dada. Duka yako iko muzuri. Lakini na goti nimeliona."

"Tulipatana juu ya wateja."

"Akianguka siku weye hauko?"

Nilimkasirikia, na nilijua juu ya goti anasema kweli, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu pamoja bila kusikilizana. Mama mkubwa hakubishana naye. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Alianza kukunja vitenge vyake, akawatumia wateja sauti za kuwaaga, kila mmoja kwa jina lake na habari za watoto wake. Alipima maagizo ya mwisho, na nyongeza zake zilikuwa kubwa mpaka nikaenda kuosha sufuria nisije nikalia.

Kazi yangu ikawa kulifunga duka. Wateja walipokea, wakafunga, maagizo yakajifunga moja baada ya jingine. Likabaki la mpishi wa Lusangi. Mchele ulikuwa umefika siku nyingi; mwendesha pikipiki alimkabidhi mwenyewe. Lakini agizo lilibaki wazi. Nilidhani ni hitilafu ya moduli yangu. Nikaikagua mstari kwa mstari, nikakagua kumbukumbu za mfumo, sikuona kosa. Kitufe kilikuwepo. Hakuna aliyekibonyeza.

Nikampigia, nikaweka simu wazi ili mama mkubwa asikie. Kaka alikuwa chumbani pamoja nasi, anafunga godoro.

"Mama, muchele ilifika?"

"Ilifika."

"Nyongeza ilipita?"

"Ilipita mpaka nikaona haya."

"Sasa bonyeza Nimefunga. Komande yako, ile agizo, ndiyo imebaki."

"Najua."

"Telefone yako iko na shida?"

"Telefone iko muzima. Sifungi."

Kaka aliacha godoro.

"Muchele watu walishakula," mpishi akaendelea. "Gunia nimeitundika jikoni, mudomo wazi. Kamba iko pale juu yake. Nikifunga, dada yangu ataenda Bukavu. Basi sifungi."

Mama mkubwa akachukua simu. "Dada, funga. Mutoto amenifuata."

"Mwambie mutoto asalimie watu wa Bukavu."

Simu ikakatika. Mama mkubwa akakaa juu ya sanduku lake, akamtazama mwanawe. Kaka alikulia chini ya meza yake ya mchele. Anajua kuliko mimi kwamba muuzaji wa soko hili haondoki mahali pake wakati mnunuzi amesimama na gunia wazi. Anaweza kuchoka, mvua inaweza kunyesha, atangoja.

"Mama," kaka akajaribu, "hiyo ni mambo ya telefone."

"Gunia haiko ya telefone. Iko Lusangi, jikoni kwa mutu."

Kaka akatoka kwenda uani. Alitembea huko mpaka kuku wakamzoea. Aliporudi alinijia mimi.

"Weye unaweza kuifunga? Kwa machini?"

"Naweza," nikasema, na ilikuwa kweli. Mwenye duka ana mlango wa nyuma, anaweza kufunga agizo lolote bila kumwuliza mteja.

"Sasa?"

"Na miye sifungi."

Alinitazama, akamtazama mama yake aliyekuwa juu ya sanduku, akaketi chini na ile kamba ya godoro mkononi. Kisha akaniuliza fundi seremala mzuri ni nani siku hizi.

Alikaa mpaka fundi alipomaliza kiti chenye mikono, kirefu kidogo, ambacho mtu anainuka bila kukunja goti, na mti wa kushika uliopigiliwa ukutani pale anaposwalia. Kaka aliujaribu mti ule mwenyewe, akaning'inia juu yake na uzito wake wote mpaka mama mkubwa akamgombeza kwamba atabomoa nyumba.

Asubuhi ya kuondoka kwake, mama mkubwa alikaa kwenye kiti kipya akampimia mchele wa kuwapelekea mkewe na watoto. Aliumwaga kopo kwa kopo akihesabu. Kopo la mwisho lilipoingia, kaka alikuwa ameshika kingo za gunia kwa mikono miwili.

"Nyumbani?" akamwuliza mwanawe.

"Salama, mama."

Akatupa konzi. Kaka akageuza uso, akatazama kuku. Akatupa nyingine, na nyingine, mpaka mchele ukafika karibu na mikono yake. Kisha akaweka kamba juu.

Kaka aliichukua ile kamba, akaitia mfukoni mwa shati. Akausokota mdomo wa gunia kwa mkono, akapanda nyuma ya pikipiki, akalipakata.

"Funga, kaka, itamwagika," mwendesha pikipiki akamwambia.

"Twende," akasema kaka.

Wakaondoka kwa barabara ya msikitini, naye ameushika ule mdomo ndani ya ngumi yake, mpaka walipopinda kona.